Baraza la Mzee Dishon Linafungwa Ijumaa

"Mama Jalila, hujaskia? Mzee Dishon amenunuliwa na Wamarekani."

Salha alikuwa ameinama juu ya karai anageuza mahamri, na hakuinua uso. Mafuta yakishashika moto hayataki mtu wa kugeukageuka.

"Mtu hanunuliwi, Pascalia."

"Basi si yeye, kampuni yake. Hiyo ya kompyuta. Shemeji yangu wa Mikindani ameisoma kwa simu. Imenunuliwa pesa ambayo ukiandika nambari yake kwa huu ukuta, unaanzia kwangu unaishia kwa choo." Pascalia alishusha ndoo yake ya maji akajishika kiuno. "Na sisi hapa tunamwona na kaptula moja mwaka mzima, tunamhurumia."

"Kwani alikuwa na kampuni?"

"Sasa miaka hiyo yote anafinya nini kwa hiyo kompyuta? Aki nikuulize, nani huamka saa kumi na moja kufinya kitu ambacho si chake?"

Salha alitoa mahamri manne yaliyoumuka vizuri kuliko mengine, akayaweka kando kwenye sahani yenye kifuniko. Hayo yalikuwa ya Mzee Dishon kila siku, na bakuli la mbaazi.

Uwanja wao pale Bofu, Likoni, ulikuwa na milango sita na bomba moja. Mlango wa Mzee Dishon ulikuwa wa mwisho, umeelekea ukuta. Alikuwa mtu wa bara, Mmaragoli, aliyekuja Mombasa kijana akawa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kipevu miaka ishirini na sita, mpaka zilipokuja mashine za kusoma makontena na makarani wakaambiwa asanteni. Mkewe alikuwa amekufa. Binti yake Lynnette alikuwa Eldoret na kila Jumapili alimwambia chumba chake kiko tayari, kimepakwa rangi. Naye kila Jumapili alijibu, "Mwezi ujao, mama."

Salha alikuwa akimpelekea mahamri mwaka wa tatu sasa. Kila asubuhi alibisha, akasema shikamoo, na mzee akaitikia "Marahaba mwanangu, weka hapo," macho yakiwa kwenye kompyuta. Wakati mwingine alikuwa akitabasamu peke yake, au akisema kitu, si kwa Salha hasa. "Leo Mwanarehema wa Tanga amekwama." Au, "Kadenge amefanikiwa, bwana. Amefanikiwa!" Mwaka wa kwanza wote Salha alidhani hao ni jamaa zake. Alimwonea hata wivu kidogo. Yeye mumewe Ismail alikuwa Oman anaendesha lori, na simu yake ilikuja Ijumaa kwa Ijumaa, dakika kumi, nusu yake ni kuulizana kama sauti inasikika.

Baadaye ndipo alipojua kwamba Mzee Dishon hajawahi kumwona Mwanarehema wala Kadenge. Hata sauti zao hakuwa akizijua.

Kufikia Jumanne habari ilikuwa imezunguka uwanja mzima na kuvuka barabara. Wazee wa kanisa lake walikuja kumkumbusha habari ya paa. Timu ya mpira ikaja kutaka jezi. Akaja hata wakala wa mwenye ardhi, ambaye kwa kawaida huja mwisho wa mwezi tu, akakaa nusu saa na kunywa chai. Wote walitoka wamenuna.

"Amesema hana," Pascalia alimwambia Salha, akicheka kwa pua. "Matajiri wote husema hivyo. Wewe nenda, wewe anakupenda. Muombe pesa ya friji, uuze na juisi."

Salha alimfunga mtoto wake Jalila mgongoni akaenda. Hakwenda kwa sababu ya friji, ingawa tungesema uongo tukisema hakuifikiria njiani. Alikwenda kwa kuwa alikuwa amempelekea mahamri asubuhi ile na mzee hakuitikia shikamoo.

Alimkuta vilevile, kwenye kiti kilekile, anaandika. Mahamri yalikuwa hayajaguswa.

"Nimekuja kukupa hongera, mzee."

Mzee Dishon aliacha kuandika. Alimtazama kwa muda, kisha akasukuma kiti cha pili kwa mguu ili akae.

"Hongera ya nini, mwanangu?"

"Wasema kampuni yako imenunuliwa."

"Imenunuliwa, ndiyo. Lakini haikuwa yangu."

Akaanza kumweleza. Kulikuwa na programu iitwayo Karavani, ya kuorodhesha mizigo na kuifuata inakokwenda. Ilitengenezwa na vijana fulani Ulaya, nayo ilikuwa huria. Maana yake, ukiitaka unaichukua, unaifungua uone ndani ilivyofumwa, unairekebisha, unampa na mwenzio, na hakuna wa kukushika mkono. Wenye maghala madogo waliipenda, na mawakala wa mizigo, na akina mama wa vyama vya wakulima, wote wasioweza zile programu za makampuni makubwa. Mzee Dishon alipoachishwa kazi aliitafsiri yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, miezi saba. Kisha wale vijana wakafungua mahali pa maswali mtandaoni. Upande wa Kiswahili wakauita Barazani, na miaka kumi na moja aliyekuwa akijibu hapo ni yeye.

"Wakulipa?"

"Hakuna anayelipwa. Mtu anauliza, anayejua anajibu. Ndiyo desturi yake."

"Na sasa?"

"Sasa wale vijana wameuza kampuni yao kwa kampuni kubwa. Hiyo kubwa haina haja na Baraza. Ijumaa saa sita mchana linafungwa."

"Lakini si umesema programu ni ya kila mtu? Mtu auzaje cha kila mtu?"

"Programu haiwezi kuuzwa, iko pale pale, hata kesho ukitaka nitakupa. Walichouza ni jina, na wafanyakazi, na ule uwanja tulimokuwa tumekaa."

Jalila alikuwa akivuta ushungi wa mamake, na Salha hakumzuia.

"Kumbe ni kama nyumba ya babu yangu," alisema.

Maana yeye alizaliwa Mtongwe, katika nyumba ambayo babu yake aliijenga kwa mikono yake, kwenye ardhi ya mtu mwingine. Ndivyo watu wengi walivyokaa upande ule: nyumba yako, ardhi ya mwenyewe, unamlipa ya ardhi na mnaamkiana vizuri miaka na miaka. Salha alipokuwa darasa la sita mwenye ardhi alifariki na watoto wake wakaiuza. Aliyenunua hakununua nyumba hata moja. Alinunua kilicho chini yake, akawapa watu siku kumi waondoe vyao.

"Nyanya alichukua kaa lililozimika," Salha alisema, "akaandika nambari kwenye kila bati, na kwenye fremu za milango, na boriti. Ili tukifika tutakakofika, tuijenge vile vile."

"Mama mwenye akili."

"Ndiyo. Lakini babu alikaa siku zote hizo ananyoosha misumari. Wallahi, mzee, aling'oa msumari mmoja mmoja, akaugonga juu ya jiwe mpaka unyooke, akautia koponi. Alisema ni yake, hawaachii. Na huku majirani wanaondoka, huyu leo, huyu kesho, mkokoteni kwa mkokoteni. Hakuna aliyemuuliza mwenzake waenda wapi. Mabati tuliyapata yote. Bi Somo, shoga yake nyanya wa miaka thelathini, mpaka leo nyanya hajui yuko wapi, na kama yu hai."

Kisha akaitazama kompyuta. Alikuwa ameshaona alichokuwa akifanya mzee tangu aingie: ananakili jibu, analibandika kwingine, analiangalia, anakwenda kwa jingine.

"Unafanya nini hapo, mzee?"

"Nahifadhi majibu yangu. Ni zaidi ya elfu nne. Nimefika mia sita."

Salha aliona haya kusema, lakini alisema. "Mzee, unanyoosha misumari."

Jalila akaanza kulia. Mzee Dishon akafunga lile jibu alilokuwa akilinakili, akavuta sahani, akala hamri moja lililokwisha poa.

"Unajua kuandika vizuri?" akauliza.

"Mwalimu wangu alikuwa akinipa ubao niandike mimi."

"Basi lete daftari tuandike watu."

Kuanzia hapo mpaka Ijumaa walifanya kazi kama kule Kipevu. Mzee alimfundisha. Kwenye kuhesabu mizigo watu huwa wawili, mmoja anasoma alama ya mzigo, mwingine anaandika, na anayesoma hasogei mbele mpaka anayeandika ameirudia kwa sauti. Usiporudia, karani mwenzako hajui kama umesikia, au umesinzia, au umeanguka majini.

"Mwanarehema, Tanga, ghala la mwani," alisoma mzee.

"Mwanarehema, Tanga, ghala la mwani," alirudia Salha, akaandika.

"Kadenge, Malindi, korosho."

"Kadenge, Malindi, korosho."

"Nguma, Lunga Lunga. Yeye na ndugu yake. Ndugu yake ndiye mkali."

"Hilo la ndugu mkali niliandike?"

"Liandike."

"Bonface, Busia, malori matatu," mzee aliendelea, na Salha aliporudia, akasoma, "Mtu wa Kalemie, Kongo, simjui jina, huandika kwa herufi kubwa tupu kama anapiga kelele. Huyu alinipa habari mtoto wake alipozaliwa."

"Mtu wa Kalemie, herufi kubwa, mtoto," alirudia Salha, na kalamu ikasimama kidogo. Alikuwa akifikiria kwamba alipojifungua Jalila hapo uwanjani, Mzee Dishon alijua siku ya tatu, kwa kusikia kilio.

Kila jina likishaandikwa, mzee alimtumia mwenyewe ujumbe pale pale Barazani: Baraza linafungwa Ijumaa, niachie nambari yako ya simu, yangu ni hii. Salha alikuja mara tatu kwa siku, mtoto mgongoni, unga mikononi. Watu uwanjani walimwona. Pascalia alimkonyeza, "Friji inakuja ama?" na Salha alipomwambia mzee hana kitu, Pascalia alisema sawa, sawa, lakini alisema kwa namna ya mtu aliyeamini kwamba wewe nawe umeshapewa chako na kuambiwa unyamaze.

Majina yalijaza kurasa kumi na tisa. Nambari zilianza kurudi moja moja. Wengi hawakujibu. Baadhi hawakuwa wameingia Barazani mwaka mzima, walishapata walichotaka wakaenda zao, na mzee hakuwalaumu. "Mtu akipona hakai hospitali," alisema. Lakini Salha aliona alivyokuwa akiangalia upande wa kuume wa kioo, mahali ambapo jibu jipya likija huwaka alama nyekundu.

Ijumaa wakafika ukurasa wa mwisho saa tano na nusu. Simu ya Salha ikalia, Ismail, kutoka Oman. Aliipokea akasema, "Nipigie baadaye, baba, kuna watu wanahama," na Ismail akauliza nani anahama, na yeye akakata.

Mzee Dishon aliandika maneno ya mwisho Barazani kwa watu wote. Aliandika kidogo tu: *Asanteni kwa kuniuliza. Dishon, Likoni.* Kisha wakakaa. Msikiti wa jirani ulianza kuwaita watu kwa sala ya Ijumaa. Saa sita ilipita kwa dakika nne na Baraza bado lipo, na Salha akaona mzee ameanza kutumaini. Halafu mzee akabonyeza, ukurasa ukaja mwingine. Ulikuwa mweupe, na picha ya vijana wanacheka mezani, na maneno ya Kiingereza.

"Wasema nini?"

"Wanasema karibu katika familia yetu."

Alibonyeza tena. Wale vijana waliendelea kucheka. Salha alichukua sahani tupu, akarudia jina la mwisho waliloandika, kwa sauti ndogo, kama alivyofundishwa, ili mzee ajue kwamba amesikia.

Nambari zilizopatikana zilikuwa kumi na moja.

Wiki ya kwanza simu ya mzee ililia. Salha akipita na ndoo alimsikia akicheka kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. Nguma alimpigia, na ndugu yake mkali akachukua simu naye kumbe ni mtu wa mzaha. Mtu wa Kalemie alipiga akawa ana sauti nyembamba kabisa, ya mtu wa haya. Mzee alimweleza Salha haya yote mlangoni, mahamri yakipoa.

Wiki ya pili simu zilipungua. Watu wale hawakuwa wabaya. Ni kwamba waliozoeana kwa maswali, swali likikosekana, wanakaa wanaulizana hali ya hewa, na hali ya hewa huisha haraka.

Jumatano moja Salha alikuwa amesimama pale mlangoni Mwanarehema wa Tanga alipopiga. Mzee aliweka simu mezani ili na yeye asikie.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Mwani unasemaje?"

"Mwani hausemi, babu, wanuka tu." Wakacheka. "Babu, nikupe kichekesho. Jana Karavani imenikwamia. Nikasema nikupigie, nikaona ni asubuhi mno. Sasa hawa wapya wameweka mashine, waiuliza yakujibu. Nikaiuliza kwa Kiswahili. Wajua imenijibuje?"

"Imekujibuje?"

"Imeniambia, 'Polepole. Kwanza hifadhi kazi yako, halafu tuangalie pamoja.'"

Salha aliyajua maneno yale. Katika siku zile tatu alikuwa ameyaona kwenye kioo mara nyingi hata akawa anayasema mwenyewe nyumbani anapoona unga haujaumuka. Kila jibu la mzee lilianza hivyo.

"Ni maneno yako, babu! Nikacheka, kisha sijui kwa nini nikalia."

"Na imekusaidia?"

"Imenisaidia. Dakika moja tu."

"Basi ni vizuri. Una swali jingine?"

"Sina, babu. Nilitaka kukuambia hilo tu."

Simu ilipokatika mzee aliigeuza ikalala kifudifudi. "Wamekuta misumari yangu," alisema, "imenyooka tayari." Alijaribu kutabasamu. Salha alitaka kumwambia kitu cha kumfariji lakini Jalila alikuwa ameshika kikombe, na alipomaliza kumnyang'anya wakati ulikuwa umepita.

Jumapili ile mzee alipoongea na Lynnette hakusema mwezi ujao. Salha alimsikia dirishani. Alisema, "Nitakuambia, mama. Nitakuambia."

Jumatatu asubuhi Salha alibisha, akasema shikamoo, na alipoingia alikuta kompyuta imefungwa na kufunikwa kitambaa cha meza, kile chenye maua. Mahamri mawili ya jana yalikuwa bado sahanini. Mzee alikuwa amekaa akiuangalia mlango, ameshavaa viatu, kana kwamba yuko mahali pa kungoja kuitwa.

"Wasafiri, mzee?"

"Sijui bado. Kaa kidogo."

Salha alikaa kwenye kiti cha pili. Nje Pascalia alikuwa akigombana na mtu wa maji.

"Yule jirani yako bado anasema nimezika pesa?"

"Sasa asema umeziweka Eldoret."

"Ah. Zimepanda cheo." Akacheka kidogo, kisha akaacha. Alitazama mikono yake. "Salha, mwaka wa tatu huu unaniletea mahamri. Watu wa Kalemie wameniuliza, wa Tanga wameniuliza. Hapa uwanjani hakuna mtu amewahi kuniuliza kitu, isipokuwa juzi, na juzi waliniuliza pesa. Hata wewe hujaniuliza la kwako."

"Ningekuuliza nini mimi, mzee? Mimi niliishia darasa la nane."

"Mwanarehema hakufika hata la saba."

Salha aliona uso wake umepata joto. Alikuwa nayo maswali, si kwamba hakuwa nayo. Alikuwa na moja kuhusu unga, kwa nini siku za mvua mahamri humkatalia. Alikuwa na moja kuhusu Oman, ni umbali gani hasa, na kama pale alipo Ismail jua huzama wakati mmoja na la hapa. Alikuwa na jingine la mtoto. Alifungua mdomo.

Mzee Dishon aliinua mkono, kiganja mbele, kama karani anayesimamisha mzigo hewani.

"La leo sitaki," alisema. "La leo utaniuliza kwa kunihurumia. Nenda ukalitafute, ulale nalo, liwe la kweli, ambalo hulijui na unataka kulijua. Dogo, kubwa, la kompyuta, si la kompyuta. Kesho ukija, mwanangu, tafadhali, pamoja na mahamri uniletee na swali."